Ufufuo na Siku za Baada ya Matanga

Katika makanisa mengi ya Tunduma, Vwawa, Mlowo na Itumba, waumini hukiri kila Jumapili kwamba wafu watafufuliwa, na hukiri kwa wepesi wa mtu anayetaja jambo alilolizoea tangu darasa la kipaimara. Wepesi huo si kosa, kwa kuwa mambo mengi ya imani husemwa kwanza ndipo yaeleweke, lakini una hatari yake: fundisho lililo kubwa kuliko yote huhifadhiwa kwa ajili ya asubuhi moja ya Pasaka na kwa ajili ya mahubiri ya makaburini, ilhali mambo yanayomsumbua Mkristo mwaka mzima, kama vile nani alaumiwe kwa kifo cha ghafla, nani abaki na nyumba ya marehemu, na mgonjwa ameze dawa au aziache, huamuliwa kwa hofu ileile inayomtawala jirani yake asiyeamini. Makala haya yanashikilia kwamba hofu ya mauti ndiyo mahali ambapo ufufuo hukutana na maisha ya kila siku, na kwamba katika mkoa wa Songwe mkutano huo hutokea kwa ukali zaidi nyumbani kwa mfiwa, turubai likiwa bado limetandazwa au ndiyo kwanza limeshushwa.

Ni vema maana ya neno lenyewe iwekwe sawa kabla ya ushauri wowote. Ufufuo, kama Agano Jipya linavyoueleza, si kurudishiwa uhai kama alivyorudishiwa Lazaro wa Bethania au yule kijana wa Naini, ambao bila shaka walikufa tena na kuzikwa tena. Ni kuingia, mtu mzima na mwili wake, katika uhai ambao mauti haiwezi kuufikia. Wala si roho kuuhama mwili na kwenda kuishi peke yake, wazo ambalo Wagiriki wengi waliosoma walilipenda na ambalo yamkini ndilo lililowafanya baadhi ya Wakristo wa Korintho waone aibu kusikia kwamba miili itafufuka. Mtume Paulo aliwajibu akiwa Efeso, yapata mwaka 55, katika waraka ambao sura yake ya 15 inawataja mashahidi kwa majina na kwa makundi: Kefa, wale Kumi na Wawili, ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa bado hai na wangeweza kuulizwa, na Yakobo. Kisha akaleta mfano wa mbegu, ambao mkulima wa Mbozi hahitaji mtaalamu wa kumfafanulia, kwa kuwa punje ya mahindi anayoifukia mvua za Novemba zinapoanza haionekani tena, na kinachosimama kondeni Pasaka inapokaribia si ile punje, wala si kitu kigeni kisichohusiana nayo. Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitazama ni kwamba sura hiyo ndefu, pamoja na parapanda yake na ushindi wake, inaishia kwenye agizo kuhusu kazi: kwa sababu Kristo amefufuka, taabu ya waumini haipotei bure.

Fundisho hili lilifika Songwe kwa njia zaidi ya moja. Wamisionari wa Moravian, ambao walianza kazi Rungwe mwaka 1891, walifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, na katika miaka hiyohiyo Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikuwa wamekwisha kuanza kituo cha Mwenzo, upande ambao leo ni Zambia, miongoni mwa Wanyamwanga walewale waliogawanywa na mpaka wa Wajerumani na Waingereza. Wamoravian walikuja na desturi iliyozaliwa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, pale vijana wa usharika walipopanda makaburini alfajiri ya Pasaka ili wamsifu Kristo mfufuka mbele ya ndugu zao waliolala. Makaburi hayo huitwa shamba la Mungu, na kwa desturi yao ya zamani kila kaburi lilipewa jiwe bapa lisilopita la jirani yake, tajiri kwa maskini, ili anayesubiri ufufuo asionekane kuwa na cheo huko chini. Mtu anayetazama makaburi ya siku hizi yaliyovikwa vigae vinavyong'aa, wakati mwingine kwa fedha ya mkopo, ana haki ya kujiuliza kama desturi ile haikuwa na hekima iliyosahaulika.

John Mbiti, mwanateolojia na padri wa Kianglikana kutoka Ukambani nchini Kenya, aliichunguza hali inayofanana na hii ya ufufuo kuwekwa mbali na maisha ya kila siku, katika kitabu chake *New Testament Eschatology in an African Background* cha mwaka 1971. Eskatologia, kwa maneno mepesi, ni elimu ya mambo ya mwisho: kifo, hukumu, ufufuo na ulimwengu ujao. Mbiti alionyesha kwamba mambo hayo yalihubiriwa kama ahadi ya wakati wa mbali sana, na wasikilizaji wakayapokea kama picha ya mahali pa kukimbilia, hata mbingu ikageuka kuwa maskani nzuri iliyo mbali na huzuni za kijijini. Maelezo yake kuhusu namna Waafrika wanavyoufikiri wakati yamepingwa na wengi, tena kwa hoja nzito, lakini onyo lake la kichungaji bado lina nguvu. Paulo anamwita Kristo limbuko, yaani mazao ya kwanza yanayoletwa ilhali shamba lingali limesimama. Anayeshika limbuko mkononi hasemi kwamba mavuno yatakuja siku moja, husema kwamba yameanza. Mchungaji au katekista anayetaka fundisho hili lifanye kazi Jumanne na Jumatano hana budi kulihubiri hivyo, kama jambo lililoanza, na si kulihubiri Pasaka peke yake.

Msiba ndio darasa la kwanza. Wanawake wamekaa ndani juu ya mikeka pamoja na mfiwa, wanaume wako nje kuuzunguka moto kwa sababu baridi ya usiku ya Mbozi haina mchezo, na kando ya mlango ameketi mtu mwenye daftari la rambirambi, akiandika jina na kiasi, huku sufuria za maharage zikipokezana jikoni. Katika mkusanyiko huo husikika mara kwa mara sauti inayomwambia mjane au mama anyamaze, kwa kuwa Mkristo halii kama asiye na tumaini. Sauti hiyo inaupotosha waraka kwa Wathesalonike, ambao haukatazi huzuni bali unakataza huzuni isiyo na tumaini, na inasahau kwamba Yesu, ambaye dakika chache baadaye angemwita Lazaro atoke kaburini, alisimama kwanza akalia machozi. Tumaini la ufufuo halipunguzi ubaya wa kifo, kwani Paulo anakiita kifo adui, tena adui wa mwisho, na adui hakaribishwi kwa tabasamu. Kwa hiyo anayekwenda kumfariji mfiwa afanye mambo mawili tu kabla ya kufungua Biblia: akae, na amwache alie. Maneno ya kwamba Mungu amempenda zaidi, au kwamba ua zuri limechumwa, yafaa yabaki moyoni mwa msemaji, maana Biblia haijayasema na mfiwa hakuyauliza.

Siku mbili tatu baadaye huanza darasa gumu zaidi, pale swali la nini kilichomuua marehemu linapogeuka kuwa swali la nani aliyemuua. Nyanda za juu kusini, kama sehemu nyingine nyingi za Tanzania, zina imani ya msukule, ambaye huku pia huitwa ndondocha: mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe, kwa mujibu wa imani hiyo, amechukuliwa kichawi na kufichwa, akafanywa bubu, na kutumikishwa usiku katika shamba au biashara ya aliyemchukua. Imani hii haiwezi kuondolewa kwa kuichekea, kwa sababu inajibu maumivu ya kweli, hasa kifo cha kijana aliyeamka mzima asubuhi, na pia inajaribu kueleza utajiri wa ghafla katika mji wa mpakani ambako watu huona fedha zikizaliwa bila kuona kazi. Wapo hata wahubiri walioifanya kuwa huduma, wakiahidi kuwarudisha misukule kwa maombi na kuuita urudishaji huo ufufuo. Hapo ndipo kanisa linapaswa kusema wazi kwamba mambo haya mawili hayafanani hata kidogo. Msukule wa simulizi ni mtu aliyepungukiwa, hana sauti, hana jina, ni mali ya bwana mwingine. Kristo aliyefufuka anamwita Mariamu kwa jina lake, anakula samaki mbele ya wanafunzi wake, anaonyesha makovu yake mwenyewe, na hamilikiwi na yeyote, wala mauti haimtawali tena. Tumaini la kumpata marehemu akiwa amefungwa nyuma ya nyumba ya jirani humfanya mama asubiri miaka bila kuzika moyoni, na humfanya jirani, aghalabu mwanamke mzee asiye na mtetezi, aishi akiogopa panga.

Ushauri wa vitendo katika jambo hili hauna utata mwingi. Familia ya Kikristo iulize hospitali sababu ya kifo mapema, iandikwe, na isomwe mbele ya waombolezaji pamoja na wasifu wa marehemu, kwa kuwa uvumi hustawi zaidi pale ambapo hakuna aliyesema neno. Kama sababu haikujulikana, isemwe hivyo. Mzee wa kanisa asikubali jina la mtu yeyote litajwe kikaoni kama mtuhumiwa wa uchawi, na akisikia kwamba baadhi ya ndugu wamekwenda kupiga ramli, awafuate siku hiyohiyo, azungumze nao kwa upole, asisubiri mambo yaharibike ndipo atoe adhabu ya kanisa. Kisha, na hili ni zito kuliko yote, aende akanywe chai nyumbani kwa yule anayenong'onwa, mchana, watu wakiona. Mtu anayeamini kwamba mauti imeshindwa hahitaji mwingine wa kumbebesha lawama ya mauti.

Baada ya tuhuma hufuata mali. Injili zote nne zinasema kwamba wa kwanza kulikuta kaburi wazi walikuwa wanawake, na Luka anaongeza kwamba mitume waliyaona maneno yao kuwa ya upuuzi. Katika ulimwengu ambao ushahidi wa mwanamke ulithaminiwa kidogo, hakuna mtungaji wa hadithi ambaye angechagua mashahidi wa namna hiyo, na ndiyo maana wanazuoni wengi wanaihesabu habari hii kuwa dalili ya ukweli wa simulizi. Lakini matumizi yake kwa kikao cha ukoo yanapita hoja za wanazuoni. Kanisa lililoipokea habari kuu ya imani yake kutoka vinywani mwa wanawake haliwezi kukaa kimya wakati mjane anawekwa chumba cha ndani na shemeji zake wanagawana mashine ya kusaga, pikipiki na shamba la kahawa, au wanaamua kati yao nani atamrithi yeye mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 68, inatamka kwamba mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anakotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe, mila iseme inavyosema. Msimamizi wa mirathi naye, anayeteuliwa na mahakama, si mmiliki wa mali bali ni mkusanyaji na mgawaji anayewajibika kutoa hesabu, jambo ambalo baba wadogo wengi huligundua wakiwa wamekwisha kuuza. Inafaa basi usharika uwe na watu wawili, mmoja wao mwanamke, watakaomsindikiza mjane kutafuta cheti cha kifo na kufungua shauri la mirathi, na wanandoa wahimizwe kuandika wosia wakiwa wazima. Wengi huona kuandika wosia ni kujiitia kifo. Hofu hiyo ndiyo hasa ambayo Mkristo anadai kwamba ameachana nayo.

Tunduma, kwa kuwa ni mji wa wageni, una tatizo jingine ambalo halizungumzwi sana. Dereva wa lori la shaba amefariki akiwa foleni, mfanyabiashara wa mtaji mdogo ameugua ghafla, na kwao ni Bukoba au Lushoto; ndugu wanauza walichonacho na kukopa kisichokuwapo ili mwili usafirishwe, kwa sababu inaonekana ni aibu, na pengine ni laana, kulala ugenini. Kuzikwa kwa mababu ni heshima, na anayeweza asizuiliwe. Hata hivyo Ukristo wa Afrika una ushuhuda wa kale kuhusu jambo hili. Monika, mama yake Agostino, mwenyeji wa Thagaste katika Algeria ya leo, alikuwa amejiandalia kaburi kando ya mumewe, lakini alipougua bandarini Ostia nchini Italia mwaka 387 aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wala wasihangaike nao, na wengine aliwaambia kwamba hakuna mahali palipo mbali na Mungu hata ashindwe kumjua wa kumfufua. Familia inayopima kati ya gharama ya kusafirisha maiti na ada ya shule ya watoto walioachwa inaweza kumtegemea Monika pasipo kuona haya, na mchungaji wa Tunduma afanye mazishi ya mgeni kuwa kamili, pamoja na kwaya na msalaba wenye jina, asiyafanye kama mzigo wa halmashauri.

Kwa kuwa kinachofufuliwa ni mwili, na si roho peke yake, mwili wa leo una thamani ambayo hauwezi kunyang'anywa na ugonjwa wala na kazi. Hoja hii inagusa moja kwa moja miji ya barabara kuu, ambako UKIMWI umezika wengi na ambako dawa za kufubaza virusi zimewarudisha wengi kazini na kwenye kwaya. Anayemwambia mgonjwa aache dawa ili athibitishe imani yake hamheshimu Mungu afufuaye; anaudharau mwili ambao Mungu huyo amekusudia kuufufua. Ushauri ufaao ni mfupi: sala na dawa viende pamoja, ushuhuda wa uponyaji usitolewe madhabahuni kabla ya kipimo cha hospitali, na yeyote aliyeacha dawa kwa neno la mhubiri arudishwe kliniki bila kusutwa.

Kuhusu kazi, historia ya mpakani ina somo lake. Mwaka 1919, katika nchi ya Wanyamwanga upande wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, wahubiri wa vuguvugu la Watch Tower, Hanoc Sindano akiwa miongoni mwa waliojulikana zaidi, walitangaza kwamba mwisho wa ulimwengu umekaribia. Wasikilizaji wao walikuwa wametoka katika Vita Kuu ya Kwanza, ambayo iliwachukua wanaume wengi wa eneo hilo kuwa wapagazi wa jeshi, na habari kwamba utawala wa dunia hii unakwisha ilikuwa kwao habari njema kwa maana ya wazi kabisa. Maofisa walilalamika kwamba watu hawawatii tena machifu, na wahubiri wakakamatwa. Si haki kuwacheka watu hao, kwa sababu waliona jambo ambalo wamisionari wengi hawakuliona, kwamba tumaini la Kikristo lina neno la kuwaambia wenye mamlaka. Walichokosa ni sehemu ya pili ya fundisho, ile ambayo Paulo aliwakumbusha Wathesalonike walioacha kazi wakisubiri. Anayejua kwamba dunia hii itafanywa upya haiachi kabla ya wakati, ilhali asiyejua hayo anaweza kuona hakuna haja ya kuipalilia.

Leo, pale Tunduma, kazi hiyo ina sura nyingine. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 kimepunguza siku za kusubiri, lakini njia za panya bado zipo, mizani ya mahindi bado inaweza kuchezewa, na kijana anayebadilisha fedha kati ya shilingi na kwacha bado anajua namna ya kumkunjia noti mgeni aliyechoka. Kila udanganyifu wa namna hiyo hujitetea kwa sentensi moja, kwamba mtu asipofanya hivyo atakufa njaa, na sentensi hiyo ni hofu ya mauti iliyovaa nguo za biashara. Haitoshi kumwambia kijana huyo kwamba wizi ni dhambi, kwani anajua. Usharika umsaidie kwa kikundi cha kuweka na kukopa chenye masharti anayoyamudu, ili uaminifu usimgharimu chakula cha watoto, na umfundishe kwamba mizani iliyo sawa ni miongoni mwa kazi zile ambazo Paulo anasema hazipotei.

Mengi ya yaliyoshauriwa hapa hushindikana kwa sababu ya kalenda tu. Rambirambi huja siku ya kwanza, matanga huvunjwa, turubai hurudishwa kwa mwenyewe, na mwezi wa tatu, ada inapodaiwa na mbolea ya msimu inapotakiwa, hakuna aliyebaki. Wazee wa kanisa waandike basi majina ya waliozikwa tangu Pasaka iliyopita, na kila jina lipewe mtu mmoja wa kufika kwenye nyumba hiyo mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa tisa, akiuliza mambo manne: shauri la mirathi limefika wapi, watoto wanasoma, kuna jirani anayenong'onwa, na mgonjwa wa nyumba anakwenda kliniki. Majina hayo yanaposomwa makaburini alfajiri ya Pasaka, kila moja lifuatiwe na taarifa fupi ya mwenye kulibeba, na nyumba isiyokuwa na taarifa ipangiwe mtu papo hapo, kabla wimbo wa mwisho haujaanza.